Shubiri ya Dirishani

Mtu wa kwanza kunifokea Dubai hakuwa bosi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyelala kitanda cha dirishani katika chumba chetu cha wanawake, vitanda sita, kule International City, na alinifokea kwa sababu ya pazia. Nilikuwa nimetoka lindo kwenye jengo moja la fleti Al Mankhool, nimesimama saa kumi na mbili, nimepanda metro, nimepanda basi, miguu imevimba, na jua la saa mbili asubuhi limejaa chumbani mpaka chini ya vitanda. Nikalivuta pazia.

"Wee! Nani kakwambia ufunge?"

"Nimetoka shift, Mama. Nataka kulala."

"Lala. Nani kakukataza? Wewe una kope, zifunge. Hii haina kope."

"Hii" ilikuwa kopo la maziwa ya unga lililokatwa nusu, mchanga ndani, na juu ya mchanga kimmea cha kijani chenye majani manene yaliyochongoka, urefu wake hauzidi kidole changu cha kati. Mimi mtu mzima, mlinzi mwenye cheti na sare, nikashindania pazia na kimmea hicho, nikashindwa. Kwa miaka minne nililala na fulana nyeusi nimejifunga machoni. Hadi leo nikiikumbuka fulana ile nakasirika.

Wakenya wenzangu walimwita Mathe, mimi nilimwita Mama, Waganda walimwita Maama, na akiwa hayupo sote tulimwita Mama wa Dirishani. Alikozaliwa na waliomzaa sikuuliza. Najua tu kwamba alikuwa Mzanzibari, kwa sababu hilo alihakikisha unalijua kabla hujakaa. Kitanda cha dirishani hakuna aliyempa. Wapangaji wa zamani walihama mmoja mmoja, yeye akabaki, na siku moja akahamisha godoro lake akalitupa pale bila kumwuliza mtu. Katika chumba cha watu sita, dirisha ni cheo. Yeye alikuwa na cheo hicho na alikitumia vibaya.

Alikuwa dobi kwenye hoteli moja Al Rigga, upande wa kupiga pasi. Aliingia saa nane mchana, akatoka usiku, kwa hiyo asubuhi zangu zote za kulala zilikuwa asubuhi zake za kukaa macho. Mashuka, foronya, sare za wahudumu, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vimenyooka. Nguo zake mwenyewe zilikuwa na makunyanzi kama zimetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Nilipomtania, alinijibu, "Kinyozi hajinyoi," akaenda zake.

Alikuwa na maneno ya namna hiyo kwa kila jambo, na hakuwa na subira ya kukueleza. Aliswali swala zake tano kwenye ile nafasi nyembamba kati ya vitanda. Akishatoa salamu, kulia na kushoto, aliendelea na matusi pale pale alipoyaachia. Chumvi yake aliifunga kwa uzi wenye fundo lake maalumu ili ajue kama imeguswa. Lakini Nakato, msichana wa Uganda aliyelala juu yangu, alipopata homa, ni yeye aliyempikia uji siku nne, akimlisha kijiko kwa kijiko huku akimsema kwa kila kijiko: kwa nini hali, kwa nini anavaa nguo nyepesi, kwa nini wazazi wake walimruhusu. Alikuwa anakupa kwa mkono na kukunyang'anya kwa mdomo. Nakato alipona haraka, nadhani ili aokoke na ule uji.

Kile kimmea alikipata kwa mtunza bustani wa hoteli. Walikuwa wanang'oa mimea ya mlangoni wapande maua mapya, naye akachukua chipukizi moja kwenye rundo la takataka. Hakukipanda siku hiyo. Alikilaza juu ya gazeti siku nne, kwenye kivuli, mpaka pale kilipokatika pakafunga. Halafu akatengeneza udongo wake: mchanga alioutoa kwenye kiwanja cha ujenzi nyuma ya jengo letu, tofali alilolisaga kwa kisigino cha kiatu, na udongo mweusi kiganja kimoja tu. Chini ya kopo alitoboa matundu matatu kwa msumari.

Maji ya bomba hakuyataka. Kiangazi huku maji ya baridi hutoka yamechemka, kwa sababu matangi yapo juu ya paa, na hata ukifungua bomba alfajiri unaungua. Basi alitega chupa chini ya mpira wa kiyoyozi kwenye kibaraza, akakinga yale matone. Chupa ile nayo ilikuwa na fundo la uzi shingoni. Kumwagilia kwenyewe hakukuwa na siku maalumu. Alilibonyeza jani kwa vidole viwili. Likiwa limejaa, hakuna maji. Likianza kukonda na kujikunja ndani, anamimina kidogo, pembeni, kamwe si katikati. "Maji ya moyoni yanaozesha," alisema. Katika miezi ya joto kali hakumwagilia karibu kabisa. "Sasa hivi inalala. Mtu aliyelala humnyweshi maji." Kila Ijumaa aliligeuza kopo robo mzunguko, ili mmea usije ukaota kibiongo kwa kuinamia mwanga.

Nilimwuliza jina la mmea.

"Shubiri."

"Subiri," nikasema.

"Shu-biri."

"Subiri."

Hapo alicheka mpaka akashika kitanda. Kwetu, milima ya Murang'a, kuna herufi moja ambayo watu wa ng'ambo hii ya mto huitamka s, na wa ng'ambo ile huitamka sh, na hakuna anayeona tatizo. Shuleni nilichapwa kwa sababu hiyo. Kanisani nimechekwa. Sikuja Dubai kuchekwa tena na dobi.

"Sikiza, Mkenya," akaniambia. "Subiri ni kungoja. Shubiri ni uchungu. Usije ukavichanganya, utakaa kungoja uchungu."

Tangu siku ile hakuniita tena jina langu. Nikirudi kazini asubuhi, bado sijavua sare, ananiuliza, "Subiri wangu kaamkaje?" na chumba kizima kinacheka. Nilivumilia, lakini sikufurahi, na yeye alijua kwamba sifurahi.

Kosa kubwa nililifanya mwaka wa pili. Alilazwa hospitali wiki mbili kwa ajili ya mawe ya nyongo. Hakuniachia maagizo yoyote. Alipandishwa gari akiwa amejikunja, na mimi, pamoja na chuki zangu zote, nilimwonea huruma. Nikaona nimtunzie mmea wake. Sasa mimi ni mtoto wa majani chai. Kwetu ni mvua, ni umande, ni matope mpaka magotini, na kitu kikionekana kimenyong'onyea unakipa maji. Kila nilipotoka kazini, kabla sijavua viatu, nilikuwa naimwagilia shubiri ya yule mama kikombe kizima, katikati ya moyo, na kuisemesha. Siku ya kumi majani yakawa laini na yakaanza kuwa kama yana maji ndani ya ngozi. Nikafikiri ina kiu. Nikaongeza.

Alirudi, akaweka mfuko chini, akalibonyeza jani. Likapasuka.

"Ulikuwa unaipa nini?"

"Maji."

"Lini?"

"Kila siku, Mama. Nikitoka job tu, ndio kitu ya kwanza."

"Kila siku!" Akaketi kitandani. "Nyie watu wa bara! Kila kitu kwenu mgomba!"

Aliing'oa, mizizi imekuwa uji mweusi. Akachukua wembe akakata sehemu yote iliyooza mpaka akafika palipokuwa peupe, ikabaki kama nusu ya ilivyokuwa, akailaza tena juu ya gazeti, wiki nzima, bila udongo, bila tone la maji. Nilipita pale kila asubuhi nikaiona imelazwa kama maiti. "Kidonda kikauke kwanza," alisema bila kunitazama. "Ukikifukia kibichi, kinaoza upya." Baada ya mwezi ikashika mizizi. Hakuniambia ahsante kwa kujaribu, wala hakuniambia pole kwa kunifokea mbele za watu. Mimi nilikuwa nimefanya wema, na wema wangu ukaenda kwenye pipa pamoja na mizizi.

Mara nyingine nilimwagikiwa na maji ya moto mkononi. Nikamwomba kipande cha jani, kijipande tu nijipake. Akanitazama, akautazama mmea, akasema, "Bado mdogo." Nikamwambia Mungu anamwona. Akavaa baibui akatoka. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, mwezi wa nane, saa sita mchana, wakati ambao hata njiwa wa huku hawatoki kivulini. Alirudi karibu saa nzima baadaye, uso umemwiva, akanitupia tyubu ya dawa kitandani, akavuta shuka akalala. Mtu wa namna hiyo utamshukuru vipi? Sikumshukuru.

Siku nyingine ya mapumziko yake nilimwuliza kwa nini anafuga dawa asiyoitumia. Nilimwuliza kwa ubaya, nikitaka ugomvi. Hakugombana.

"Mwanangu nilimlikiza kwa hii."

"Ulimpeleka likizo?"

"Likizo! Mkenya wewe utaniua. Kumlikiza mtoto ni kumwachisha ziwa. Hiyo likizo yenu imetoka humo humo, ni kumruhusu mtu aende." Akanionyesha kifuani, juu ya nguo. "Unapaka utomvu wake hapa. Mtoto anakuja, anaonja, analia. Anarudi tena, maana mtoto haamini. Anaonja tena. Siku ya tatu hataki hata kukutizama. Wangu alikuwa na miezi kumi. Siku ya nne nikapanda ndege."

Akaligeuza kopo, ingawa haikuwa Ijumaa.

"Dawa ile haichagui, mwanangu. Binti yangu alikataa ziwa, akanikataa na mimi; mama kwake ni yule aliyemlea."

Mimi sikumpaka wangu kitu chochote. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na mwaka na miezi miwili. Niliondoka alfajiri akiwa amelala, kwa sababu niliambiwa ndivyo inavyofanywa. Nilikwenda likizo mara moja tu, mwezi mmoja. Wiki mbili za kwanza alijificha nyuma ya bibi yake, wiki mbili za mwisho alilala ameshika sikio langu, halafu nikaondoka tena alfajiri. Hayo nilimwambia yule mama siku hiyo, na nikajuta kumwambia, kwa sababu kuanzia hapo hakunipa raha.

"Mkenya, unarudi lini?"

"Nikimaliza nyumba ya mama."

"Nyumba itamnyonyesha?"

Kila siku. Nikifua, unarudi lini. Nikila, unarudi lini. Nikiongea na mwanangu kwenye simu, yeye yupo nyuma yangu anakohoa makusudi. Mwanangu alikuwa ameshaanza kununa. Alikuwa anaikimbia simu, au anaishika na kusema, "Unakuja lini?" nami namwambia, "Subiri kidogo, baba." Neno hilo nililitamka sawasawa, bila kosa lolote. Yule mama alilisikia, akatikisa kichwa.

Mkataba wangu wa pili ulipokaribia kwisha, ofisi ilinipa fomu ya kuongeza miaka miwili. Niliiweka chini ya mto. Akaiona.

"Usitie sahihi."

"Mama, hiyo ni story yangu na kampuni."

"Mtoto ana miaka mitano. Wallahi usitie sahihi. Nenda kwenu."

Nilikuwa sijalala siku mbili. Ile fulana nyeusi ilikuwa mkononi mwangu. Nikamgeukia nikamwambia kila kitu: kwamba amekaa miaka ishirini hapa akigeuzageuza kopo, kwamba binti yake anamwita mtu mwingine mama, kwamba mtu aliyeshindwa kulea wake asinifundishe kulea wangu. Nakato aliacha kusuka nywele zake. Yule mama alilala akageukia dirisha, na mgongo wake ukabaki hivyo.

Hatukuongea siku kumi na moja. Nilizihesabu, maana kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kelele zake. Siku ya kumi ni Nakato aliyeniambia kwamba Maama ameomba visa yake ifutwe, anarudi Unguja moja kwa moja, khalas. Hakuniambia yeye. Nikakasirika kwamba hakuniambia, na nikakasirika kwamba najali.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja nilikuwa nashuka kwenye basi, sare imelowa jasho, nikaliona gari dogo la hoteli mbele ya jengo letu. Dereva alikuwa anapiga honi. "Yalla, Mama, yalla!" Yeye alikuwa ameshakaa ndani, sanduku mapajani. Nilikimbia. Gari likaanza kwenda. Akashusha kioo, akatoa kichwa na mtandio ukipeperuka, akanipigia kelele. Lori la maji lilikuwa linapita. Nilisikia neno moja tu.

"Subiri!"

Gari likakata kona. Nilibaki pale barabarani nikilia kwa hasira. Mwanamke aliyenikera miaka yote nirudi, nirudi, nirudi, siku ya mwisho ameniambia nisubiri. Nikaona amenisamehe, na si kunisamehe tu, amekubali kwamba nilikuwa na haki. Hata yeye, aliyeyajua yote, ameona nisubiri. Kesho yake nikaitoa ile fomu chini ya mto nikaitia sahihi.

Kitanda cha dirishani nilikichukua mimi. Jambo la kwanza nililofanya ni kulifunga pazia, na sikulifungua tena. Shubiri ilibaki pale pale kati ya kioo na kitambaa. Sikuimwagilia kwa sababu sikutaka, labda mara moja baada ya miezi nikikumbuka, na pengine hasira ndiyo iliyoiokoa. Haikufa. Lakini ilipauka ikawa na rangi ya njano ya ugonjwa, majani yakarefuka yakawa membamba, na yote yakainamia upande mmoja, kwenye ule ufa mdogo pazia lilipoishia. Namba yake ya simu ya Dubai ilikuwa imekufa. Nilikuwa namsubiri, au nasubiri jambo fulani, na nilipoulizwa na mama yangu kwa nini nimeongeza mkataba, nilisema kuna mama mmoja mwenye busara alinishauri hivyo. Nilimwambia hivyo. Na mwanangu akafika miaka saba.

Mwaka huu, ikiwa imebaki miezi miwili mkataba uishe na fomu nyingine iko chini ya mto, Nakato alinituma Al Rigga kumchukulia nywele za kusuka. Natoka dukani, namwona. Amekaa kwenye benchi mbele ya mkahawa, sare ya hoteli nyingine, nguo ina makunyanzi vile vile, anakula sambusa.

Nilisimama mbele yake.

"Umerudi lini?"

Alinyanyua macho. Sambusa ikabaki hewani. "Mkenya?"

"Umerudi lini, Mama?"

"Mwaka na kitu." Hakutabasamu. Uso wake ulikuwa unakunjamana polepole. "Wewe unafanya nini hapa?"

"Mwaka mzima! Mwaka mzima uko hapa, na hujanitafuta?"

"Nilijua ushakwenda kwenu. Nikasema, yule Mkenya na kiburi chake, kwa uchache yeye kaenda." Akaiweka sambusa chini, juu ya karatasi. "Ilikuwa inanipa nguvu, hiyo. Nikipiga pasi naifikiria."

"Si wewe uliniambia nisubiri!"

"Mimi? Lini?"

"Kwa gari! Siku unaenda! Ulitoa kichwa nje ukaniambia subiri!"

Alijifuta mafuta ya sambusa vidoleni. Watu walikuwa wanapita na mifuko yao ya sokoni. Halafu akasema, taratibu, kama alivyonifundisha siku ile ya kwanza:

"Shu-biri."

Nilikaa chini. Si kwenye benchi, kwenye ukingo wa barabara.

"Nilikwambia shubiri," akasema. "Shubiri, usiifungie pazia. Nilikuwa nakwachia mmea wangu, we mtoto! Nani alikwambia ungoje? Mimi? Mimi niliyekuwa nikikwambia nenda mpaka mate yakanikauka?"

Nilimtukana. Kwa Kigikuyu, ili asielewe, lakini tusi halihitaji kamusi. Nilimtukana kwa miaka miwili, kwa fulana nyeusi, kwa jina lile alilonibandika. Yeye alikaa akasikiliza. Na nilipokuwa namtukana nilikuwa najua, kila neno, kwamba hasira ile imekosea njia. Lori la maji halikuwa na kosa. Mto wa kwetu hauna kosa. Mtu aliyeambiwa "rudi" mara elfu moja na "subiri" mara moja, akashika ile moja, huyo hakukosea kusikia.

Nilipoishiwa matusi nikamwuliza yeye ilikuwaje akarudi.

"Niliwekewa sahani ya wageni," akasema. "Ile yenye maua. Ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Binti yangu ananiuliza, chai yako nikutilie sukari? Hajui. Na mimi sijui yeye anakunywa vipi. Heshima tupu. Nikila, naosha ile sahani, nairudisha kabatini, natoa ya kawaida naiweka juu. Kesho inatoka tena ile ya maua. Miezi saba. Hakunifokea hata siku moja, Mkenya. Hata siku moja."

"Mimi wangu hataki hata kuniongelesha," nikasema. "Nikipiga simu anaitupa chini."

"Anaitupa?"

"Anaitupa. Anasema mimi ni muongo."

"Alhamdulillahi," akasema. Nilitaka kumpiga. "Anakukasirikia. Basi bado umo. Ukishaanza kupewa heshima tupu, ujue umetoka." Akafunga sambusa yake kwenye karatasi. "Niletee shubiri yangu Jumapili."

Jumapili nilimpelekea. Nilikuwa nimeibeba kwenye metro ndani ya mfuko wa plastiki, na mwanamke mmoja aliketi mbali nami kwa sababu ya miiba ya mmea. Yule mama aliitoa, akaizungusha mbele ya macho yake, akaona ilivyoinama, ilivyopauka.

"Hukuinyima maji. Uliinyima mwanga."

"Niliinyima vyote."

"Maji inajua kujiwekea. Mwanga haiwezi." Akabonyeza jani moja la chini kwa vidole viwili. Nilifikiri atalisifu au atalilaani. Badala yake, kwa ukucha wake mnene wa dobi, akalikata. Jani alilonikatalia siku ile mkono wangu ulipoungua, eti bado mdogo. Utomvu wa njano ukachuruzika.

"Fungua mdomo."

"Mama, watu wanatuona."

"Fungua mdomo, nakwambia."

Sijui kwa nini nilifungua. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mlinzi, katikati ya Al Rigga, nikafungua mdomo, akanipaka ulimini.

Uchungu huo siwezi kuueleza. Ulipanda mpaka masikioni. Machozi yalitoka yenyewe, na ningetema, ila kutema barabarani huku ni faini, kwa hiyo nikameza, na kumeza kukawa kubaya zaidi. Nikamkasirikia pale pale kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Yeye akanifuta kidevu kwa ncha ya mtandio wake.

"Haya," akasema. "Nimekulikiza. Nenda."

Akachukua kopo lake akaondoka, hakugeuka. Saa nane ilikuwa inakaribia na alikuwa na mashuka yanamngoja.

Nilikuwa bado nautafuna ule uchungu ndani ya basi la kurudi International City nilipompigia mama yangu. Nikamwomba anipe mtoto. Nilisikia vurugu, mlango, sauti ya bibi ikibembeleza. Halafu sauti yake, mbali na simu, ya kulazimishwa.

"Unakuja lini? Na usiniambie subiri."

Ulimi wangu haukuweza kulibeba neno lile hata kama ningetaka. Nikamtajia tarehe, siku mkataba wangu unapokwisha. Nikasikia pumzi zake zikikwaruza kwenye simu.

"Muongo wewe!" akapiga kelele, na simu ikagonga chini.

Nikapiga tena.